Bibi Buibui wa Doonside

Mimi na buibui hatupatani. Nyumba za Doonside, kitongoji cha ughaibuni ninakofanya kazi, zimejaa hao, na nikimwona mmoja mkono wangu huenda wenyewe kwenye ndala. Ila kwa bibi niliyekuwa nikimhudumia, kuwagusa ilikuwa marufuku.

Bibi huyo alikuwa Mhopi, wa kabila la wenyeji asilia wa jangwa la Arizona, aliyemfuata mume huku akabaki mjane. Hadithi za kwao husimuliwa wakati wa baridi tu, kama vile nyanya yangu alivyokataza hadithi za mchana. Basi alingoja Julai, ambayo huku ndiyo baridi, ndipo akanisimulia habari za Bibi Buibui, mdogo kiasi cha kukaa nyuma ya sikio la msafiri. Msafiri akifika kwa wenyeji wanaomtega kwa maswali, yeye humnong'oneza majibu. Mimi mtu wa kanisa niliitikia tu, "Ehe," nikaendelea kukunja nguo.

Wiki ileile akaja mama wa serikali kumpima kumbukumbu. Akishindwa, angehamishiwa nyumba ya wazee, na bibi alishaniambia kwamba huko atakufa. Niliogopa sana, maana asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza mimi ni nani.

Leo ni siku gani? Bibi akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akajibu sawasawa. Mwezi gani? Akainamisha tena, akajibu.

Yule mama akanigeukia. "Tafadhali, usimsaidie."

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni, mdomo nimeufunga.

Yule mama alipoondoka, bibi alipitisha kidole nyuma ya sikio lake, kisha akakigusisha nyuma ya langu.

"Nenda na Bibi Buibui, mjukuu wangu. Wewe bado una safari."

Kwenye treni ya kurudi nyumbani kitu kilinitekenya palepale. Mimi, mwenye ndala zangu, sikuthubutu hata kujikuna.

Mwaka uliofuata yule mama akarudi na maswali yake. Leo ni siku gani? Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza, akazidi kusikiliza. Kisha akanitazama, na nikajua kwamba hana wa kumnong'oneza tena, alishanipa mimi.

Nyuma ya sikio langu kitu kikajisogeza. Sauti ya mwanamke mzee, ambayo sijapata kuisikia kokote, ikasema kwa Kiswahili safi: "Alhamisi."

"Ni Alhamisi," nikasema kwa sauti, na yule mama akaweka kalamu chini: safari hii nilikuwa nimemsaidia kweli.