Waya wa Intaneti na Chumba cha Mama Mkwe

Jamani, nichekeni, lakini mnihurumie pia. Jana nilikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa kamera huona kifua tu, juu nilivaa shati na tai, chini bukta.

Kompyuta yangu ya mezani haishiki waifai, na iko chumba cha mwisho. Modemu iko sebuleni. Waya nilioununua haukufika kwa kupitia koridoni. Njia fupi ilikuwa kukatiza chumba cha wageni, alimolala mama mkwe, mgeni wetu hapa Buswelu. Nasi Wasukuma, mkwe wa kiume haingii chumba cha mama mkwe. Hata kugonga niliona haya, na mke wangu alikuwa sokoni.

Basi mwanaume mzima nikapanda darini, nikatambaa na waya mdomoni, nikijisifu kwa heshima niliyonayo. Ghafla jipsamu ya dari ikaachia. Nikanasa kwenye mbao, miguu mitupu ikining'inia juu ya kitanda chake.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka huko juu.

Kisha sauti ya upole: "Marahaba, mwanangu. Huo waya si ungenipa tu pale mlangoni, nikuvushie?"