Tumshukuru Mungu, Ukurasa wa Sitini

Kila Jumamosi tunakutana Kizwite, hapa Sumbawanga, watu saba na kitabu kimoja, tunasoma kwa sauti. Safari hii ni riwaya ya mtawa mzee anayepalilia bustani huku akimsubiri Mungu. Tumefika ukurasa wa sitini na bado anapalilia.

"Samahani Mwalimu, lakini huyu mzee atatumaliza," alisema fundi pikipiki. "Tumalize sura hii, halafu tupige kura tukiache."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi pia, nakiri.

Msomaji wetu ni mwalimu mstaafu, ambaye Jumapili husoma somo la kwanza kanisani. Akavaa miwani, akasoma taratibu kwa sauti yake ileile ya kanisani. Mtawa akang'oa majani, akapumzika, akang'oa tena. Fundi alichezea funguo. Mama muuza ulezi, pale dirishani, akasinzia. Sura ilipoisha, Mwalimu akainua uso, kama afanyavyo kanisani somo likiisha.

"Tumshukuru Mungu!" tukajibu sote kwa pamoja, kama tuko misani. Hata aliyesinzia.

Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Alituangalia juu ya miwani.

"Mnamshukuru kwa lipi?"

Fundi akaweka funguo mezani.

"Mwalimu, rudia ukurasa huo wa mwisho. Nimejibu kabla sijasikia."

Kura haikupigwa. Kitabu tutaendelea nacho. Kinachonisumbua ni Jumapili, maana huko nimejibu vilevile tangu nipate kipaimara, na sijawahi kumwomba mtu arudie.