Kyakimwa Anajenga Barua

Kyakimwa akikwambia amechoka, usimjibu kwamba sote tumechoka. Nilimjibu hivyo mara moja kwenye treni, akaninunia mpaka tukateremka kituo chetu cha Mount Druitt. Ana miaka hamsini na mmoja, magoti yamekwisha, na tangu aje huku ughaibuni kutoka Butembo miaka tisa iliyopita kazi yake ni ile ile: kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza wazee wa watu katika nyumba ya kulea wazee. Mimi nafua mashuka hapo hapo, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mwezi wa saba ilikuja barua ya Mama Yoon, bibi wa Kikorea wa chumba cha kumi na nne. Dada yake alikuwa mgonjwa huko Busan, na kwa miezi miwili bibi huyu hakuwa na raha ya kula wala kulala kwa kutojua hali yake. Barua iliingia kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, ikachapishwa, ikatoka imesambaratika, kila herufi imesimama peke yake. Mama Yoon haoni vizuri. Alizifuata kwa kidole, na kila akifika mstari wa pili alikuwa ameshausahau wa kwanza. Akairudisha karatasi, akageukia ukutani. Ofisi ikasema fundi atakuja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na sahani yake ya mchana ilirudi jikoni haijaguswa.

Kyakimwa akamwendea Blaise, msafishaji wetu, aliyekuwa na duka la kompyuta Bukavu kabla dunia haijampa fagio.

"Barua haina shida, mama," Blaise akamwambia kwa Kiswahili cha kwao. "Bakorea banapanga herufi mbili, tatu mu kisanduku kimoja. Ordinateur ingine, ni kusema kompyuta, inatuma kisanduku chote na namba moja. Ingine inatuma herufi moja moja, kila moja na namba yake, kisha ile inayopokea njo inazijenga. Ya ofisi haijui kujenga."

"Basi nitajenga mimi."

Nikamwambia aache, shifti imekwisha. "Wewe hauna dada," akanijibu, na kweli sina.

Blaise akamwonyesha: kisanduku huanza na konsonanti, irabu hufuata, pengine konsonanti nyingine hukaa chini. Kyakimwa akavua viatu katika chumba cha chai, akashika kalamu nene, akajenga kwa saa mbili, akilinganisha na maandishi ya pakiti ya tambi za Mama Yoon. Ilikuwa mistari kumi na mmoja, na hakuelewa hata neno moja la alichoandika. Nami nilikaa kumngoja, nikinung'unika.

Tukaingia chumbani mikoba begani, treni imebaki dakika chache. Mama Yoon akasoma bila kidole. Alipomaliza alirudi mstari wa tatu, kisha akailaza karatasi juu ya blanketi.

"Dada alizikwa wiki tatu zilizopita," akasema kwa Kiingereza chake kidogo. "Asante. Umeandika vizuri."

Kwetu msiba haupelekwi na mtu aliyesimama. Wanakwenda watatu, wanne, wanaketi, wanauliza kama umekula, ndipo mkubwa wao anakohoa na kuanza. Kyakimwa alikuwa ameuandika msiba ule kwa mkono wake, herufi kwa herufi, akamkabidhi mfiwa huku akiwazia treni. Niliona aibu ikimpanda usoni. Nilimhurumia, na niseme ukweli, bado nilitaka kwenda nyumbani.

Akatua mkoba, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Enda uite Blaise," akaniambia. "Mwambie aache fagio. Tunaanza upya."

Tulipokwisha kuketi watatu, akaushika mkono wa bibi.

"Mama Yoon, umekula leo?"

Bibi akatikisa kichwa, machozi yakaanza kumtoka. Kyakimwa akakohoa, akaanza kumpa polepole habari ambayo bibi tayari alikuwa nayo.