Spoku Aliyoinoa Fundi Djamali

Saa moja asubuhi, soko la Kasongo bado linapanga meza, na Djamali Rashidi amekwisha pindua baiskeli ya kwanza. Anazungusha gurudumu kwa kidole, anakaza spoku moja, anazungusha tena. Mwenye baiskeli, aliyetoka Nyangwe na madumu mawili ya mawese, amechuchumaa pembeni akitafuna muhogo.

Mteja wa pili anataka spoku moja ya kuondoka nayo.

"Siuzi," anajibu Djamali bila kuinua uso. "Lete gurudumu, nitaifunga hapa hapa."

Fundi huyu wa miaka thelathini na minne ni mzaliwa wa Ujiji, Tanzania. Alivuka ziwa miaka minne iliyopita na mkewe, Nuru, baada ya mfanyabiashara mmoja kumwambia kwamba huku mizigo inasafiri kwa baiskeli hadi Kabambare na mafundi ni wachache. Hakudanganywa. Siku njema hupata faranga elfu kumi na tano. Alichokosa ni watu wake.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hapa. Walimwita Ibrahimu, mtaa ukamwita Bulaimu, na hilo ndilo lililobaki.

"Kwetu mtoto akilia, kuna bibi, kuna shangazi," asema Nuru. "Hapa nilikuwa na Mama Mathilde tu." Huyo ni jirani aliyempokea Bulaimu mikononi siku alipozaliwa.

Alipofikisha miezi saba, Bulaimu alianza kudondokwa na mate na kutafuna kila alichoshika. Ikafuata homa, kisha kuhara. Djamali alipanda mlima siku tatu mfululizo akitafuta mtandao ampigie mama yake Ujiji. Hakumpata.

Mama Mathilde akafunua ufizi wa mtoto. Juu, mahali pa chonge, pande zote mbili palikuwa na uvimbe mweupe.

"Iko meno ya mubaya hii," aliwaambia. "Ikibakia, mutoto atakufa. Ya batoto yangu yote tulizitoa."

Nuru alitaka kungoja. Djamali hakutaka.

"Nilijiona mgeni," asema. "Mtu amemzalisha mke wako, leo umwambie hajui? Na mwanangu alikuwa anakauka mbele yangu."

Walimpeleka kwa mama mmoja mzee anayetoa meno, mtaa wa pili. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha.

Djamali aliijua. Wiki tatu kabla, mama huyo huyo alikuwa amefika kibandani kwake. "Fundi, unipatie reyo moja," alimwambia, akiitaja spoku kwa jina la huku. "Uichonge kama sindano." Djamali alidhani ni ya kufumia. Aliipitisha kwenye tupa karibu nusu saa, mpaka ikamchoma kidole. Kwa kuwa mteja alikuwa mzee, hakumtoza kitu.

"Niliona alama za tupa yangu," asema. Anafuta mikono ambayo haina grisi. "Nikasema moyoni, labda ndivyo inavyofanywa. Nikamshika miguu."

Nuru aliambiwa ashike kichwa. Alikataa, akatoka nje. Huko nje alisikia yote.

Siku ya pili Bulaimu aliacha kulia, na hilo ndilo lililowatisha. Mdomo ulikuwa umevimba hauingii ziwa la mama. Hospitalini walipokewa na muuguzi aitwaye Magloire.

"Haikuwa meno ya mubaya, baba," aliwaambia. "Ilikuwa meno ya kawaida, ingali changa. Kuhara ni ya maji munakunywa. Mungekuja hapa mbele ya kuzitoa, angepona kwa dawa kidogo tu."

Mtoto alilazwa siku kumi na moja na kuongezewa damu ya baba yake. Akapona. Chonge hizo mbili zilizotolewa hazitaota, na Magloire hana hakika hata na za ukubwani.

Djamali alirudi kwa yule mama mzee.

"Sikwenda kugombana. Nilikwenda kuomba spoku yangu. Akakataa. Akasema, 'Iko nzuri sana, fundi. Ingali inafanya kazi.'"

Tangu siku hiyo hauzi spoku ya kuondoka nayo mkononi. Wateja wengine wamemhama. "Najua zitapatikana kwingine," asema. "Lakini si kwangu."

Mama yake Djamali, simu ilipompata hatimaye, aliambiwa ni homa ya meno tu. Djamali anapanga kumpeleka mtoto Ujiji kiangazi kijacho na kumweleza ana kwa ana. Nuru naye anasema ataenda. Kama atarudi Kasongo, hasemi.

Bulaimu sasa ana mwaka mmoja na miezi miwili, anatembea, anacheka. Anakubali kubebwa na baba yake. Lakini mkono wa baba ukikaribia mdomo wake, anapiga kelele.

"Ninachotaka ni ale mkononi mwangu," asema Djamali. "Hicho tu."

Saa sita Nuru anafika na Bulaimu, ameleta ugali na sombe, kisamvu cha huku. Djamali ananawa, anafinyanga tonge dogo, analipuliza, analisogeza. Mtoto anabana midomo na kujificha kifuani kwa mama yake. Djamali anangoja, mkono ukiwa hewani.

Nuru analichukua tonge kwenye vidole vya mumewe bila kumtazama. Mtoto anafungua mdomo.