Helikopta ya Nurdine Yakataa Kutulia

Nurdine ni fundi wa mashine za boti. Kampuni ya gesi ikamhamishia Quitunda, kijiji kipya huko Msumbiji kisicho na ufukwe, na Quitunda boti iko wapi, jamani? Alipewa nyumba ya matofali na kipande cha shamba, yeye asiyejua hata kushika jembe. Basi anashinda ndani, akitengeneza chochote kinacholetwa.

Kidude kilichomkosesha raha safari hii kilikuwa chake mwenyewe: helikopta ndogo ya kuchezea ya rimoti, aliyoletewa na jirani yake Hassane kutoka Mtwara. Aliitaka kwa ajili ya bintiye, Umi. Tangu vita ilipoingia mji wa Palma, na mama yake, Zubeida, akafa kwa jeraha ufukweni walikojificha, Umi akisikia helikopta tu, mbio uvunguni mwa kitanda. Shule ameacha. Nurdine akajisemea, mtoto akiirusha kwa mkono wake mwenyewe, woga utamtoka. Lakini lazima itulie hewani. Ikimrukia usoni, basi tena, mtoto hatoki huko maisha.

Asubuhi hiyo helikopta ya kweli ilipita juu ya mabati, Umi akaingia uvunguni. Nurdine akafunga mlango na madirisha. Nani kichaa arushe helikopta nje, na askari wamejaa njiani? Joto lile, we acha tu.

Aliiwasha. Ikainuka, ikazunguka kama kuku aliyechinjwa, ikajipigiza ukutani.

"Mwana haramu wewe!"

Alibonyeza kitufe cha kunyoosha mkia, kidogo kidogo, mpaka ikaacha kuzunguka. Ikabaki kutetemeka. Hapo Nurdine akacheka peke yake, maana mtetemo anaujua: pangaboi ya boti ikiwa na ubawa mmoja mzito, boti nzima inatikisika. Akazifungua panga za juu, akazining'iniza kwa mshipi wa kuvulia. Kweli, upande mmoja ulizama. Akabandika utepe kwenye upande mwepesi, akaukata kwa wembe, akaupunguza tena, mpaka zikakaa sawa.

Safari hii ilipanda ikasimama juu ya mkeka, imetulia, haiendi huku wala kule. Nurdine nusura alie kwa furaha.

"Umi mwanangu, tazama! Haina neno. Njoo uishike."

"Mbona inakaa juu tu?" Sauti ilitoka uvunguni.

"Ndiyo nimeitengeneza hivyo, itulie."

"Ile ya ufukweni nayo ilitulia juu. Mama akapunga kanga, akapunga, nayo ikaenda zake. Mimi siogopi, Baba. Sitaki kuziona zikipita."

Nurdine siku zote hizo alikuwa akitibu woga ambao mtoto hana. Akaipeleka helikopta taratibu mpaka ukingoni mwa kitanda, akaishusha sakafuni.

Umi akatoa mkono, akaishika. Akatoka, amejaa vumbi, akachukua rimoti.

"Nifundishe kushusha," alisema. "Kupandisha sitaki."