Nani Anamngojea Mwenzake

Juma lililopita nilimsindikiza mama yangu kwenye kituo kimoja cha afya huku mtaani kwetu Katuba. Daktari mmoja, dada bado kijana, alikuwa akipima jinsi wazee wenye afya njema wanavyotembea. Alimfunga mzee mmoja kiunoni kifaa kidogo cha kuandika mwendo wa mtu, akamwomba apite koridoo yote.

“Papa, tembea kama vile unatembeaka kila siku.”

Mzee akaenda polepole mno. Daktari akaingiwa na wasiwasi.

“Miguu inakuuma, papa?”

“Hapana, docteur. Miye niko muzima. Ndio vile natembeaka na bibi yangu. Yeye anachokaka upesi.”

Mkewe, aliyekuwa ameketi nasi kwenye benchi, akasimama na kushika kiuno.

“Nani anachokaka? Ni miye ndio nakungojeaka weye!”

Tukacheka wote. Daktari akawaomba wapite wote wawili, kila mmoja kwa mwendo wake mwenyewe. Mzee akapita upesi kama mtu aliyeitwa kula. Mkewe akamfuata kwa kasi ileile, kitenge kikipepea. Kisha wakatazamana, wakaona haya kama wachumba.

Daktari akawaambia wote wawili ni wazima kabisa. Walipotoka niliwachungulia dirishani. Nilidhani sasa watakwenda mbio hadi nyumbani. Mzee akatoa mkono, mkewe akaushika, wakaanza kutembea polepole, kila mmoja akimwangalia mwenzake asije akachoka.

Sijui kile kifaa kiliandika nini. Kwangu miye, mwendo wao wa kweli ni ule wa barabarani.