Kachumbari Bila Kuonja

Mume wangu alikuwa ameacha kula. Sisemi alipunguza, nasema aliacha. Uji aliusukuma kando. Supu aliiangalia kama maji ya kuoshea vyombo. Dawa za saratani walizokuwa wakimtundikia kwa mshipa zilikuwa zimemla nyama zote, hata akiinua mkono saa yake inateremka hadi kiwikoni. Daktari alisema ale chochote anachotaka. Mimi shule sikukaa sana, lakini najua maana ya daktari kuacha kukataza.

Basi Jumapili moja nikaamua kumtengenezea kachumbari.

Kwa hii nyumba yetu ya Buruburu, kachumbari si mchezo. Wakati mzee alikuwa na nguvu zake, Jumapili alienda mwenyewe Kiamaiko kuchagua mbavu za mbuzi, anarudi viatu vimejaa matope na damu, anachoma hapo nyuma ya nyumba. Kachumbari ilikuwa yangu. Na hakuwahi kunisifu hata siku moja. Chumvi imezidi. Ndimu haitoshi. Leo umekata nyanya kama unalisha ng'ombe. Mwanamke mwingine angelia. Mimi niliona vile anafuta bakuli kwa ugali huku akilalamika, nikajua hiyo ndiyo sifa yangu.

Nikaenda kwa mama mboga wetu. "Nipe nyanya ngumu, si hizo za kupika."

"Leo kuna wageni, shosho?"

"Kuna mgonjwa."

Akaniongezea dania na ndimu.

Kachumbari inaanza na kitunguu. Unakikata chembamba mpaka ukikiinua unaona mwanga. Unamwaga chumvi nyingi, bila huruma, unafinya kwa mkono mpaka kitoe povu na ukali wake wote. Halafu unasuuza, unasuuza tena, mpaka maji yatoke safi. Ukiruka hapo, umeharibu kila kitu. Nyanya unaitoa mbegu, la sivyo umetengeneza supu. Pilipili unaikata ndogo ndogo, dania, ndimu, na chumvi kidogo ya mwisho. Mimi huwa sionji. Mkono wangu unajua. Nimejaza mabeseni ya harusi na ya matanga kwa huu mtaa bila kuonja, na sijaona sahani ikirudi.

Siku hiyo mifereji ilikuwa mikavu, maji yako kwenye mitungi tu. Nilikuwa katikati ya kufinya vitunguu nikasikia mzee anakohoa kule chumbani. Akakohoa, akakohoa, halafu kimya. Kile kimya ndicho kilinitoa mbio, mikono ikidondosha povu sakafuni.

Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Sijakufa," akasema. "Rudi jikoni."

Nikarudi. Nikachanganya vitu vyangu, nikavaa leso safi, nikampelekea na ugali kidogo na nyama niliyoichemsha ikalainika. Halafu nikasimama mlangoni.

Akala. Kijiko kimoja, akatafuna, akameza. Akachota kingine. Mimi hata kupumua nilikuwa naogopa.

"Iko aje?"

"Iko sawa."

Alikula karibu nusu ya bakuli. Nikarudi jikoni nikiimba, mimi ambaye sauti yangu hufukuza paka.

Binti yetu alifika kutoka Donholm baada ya kanisa, amebeba unga wake wa uji wa pakiti kama kawaida. Nikamwekea bakuli mbele.

"Nyinyi na uji wenu. Baba yako amekula chakula cha watu."

Akachota, akaweka mdomoni, akakimbilia sinki kutema.

"Mum! Hii ni chumvi tupu! Unataka kumuua?"

Nikaonja. Ulimi ulijikunja. Vitunguu sikuwa nimevisuuza. Nilivichanganya na chumvi yake yote, na juu yake nikaongeza ile ya mwisho.

Kutoka chumbani mzee akaita, "Wachana na mama yako! Hicho chakula kilikuwa sawa!"

Huyo ni mtu ambaye chumvi ikizidi punje moja alikuwa analalamika mpaka bakuli liishe. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

"Niambie ukweli. Unasikia nini mdomoni?"

Akaangalia ukuta. "Hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu zile dawa za kwanza. Kila kitu ni kama kutafuna karatasi."

"Sasa leo ulikuwa unakula nini?"

"Si wewe ulisimama hapo mlangoni kama mtu anangoja matokeo ya mtihani. Ningefanyaje?"

Nilitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Heri angenitukana. Heri angerusha bakuli lile ukutani. Nimeishi na huyu mwanamume tangu nikiwa na meno yangu yote, na siku aliyoanza kunihurumia ndiyo niliyoona tumefika wapi.

Nikajipangusa kwa leso. "Karatasi ipi inateremka haraka?"

Akafikiria kweli kweli, kama mtu anayechagua nyama. "Ule uji wa huyu msichana. Angalau hautafunwi."

Nikafungua mlango, nikamwambia binti yangu aweke sufuria ya uji. Maneno hayo yalinitoka kwa shida, mjue hivyo.

"Sukari vijiko vingapi, Mum?"

"Weka, usiweke, ni sawa tu."

Akaniangalia, halafu akageukia jiko, akakoroga mpaka uji ukaanza kuchemka.

Safari hii sikusimama. Nilikaa kitandani, nikamshikia mzee kikombe, kwa sababu mikono yake ilikuwa imechoka. Alikunywa polepole, akipumzika kati ya funda na funda, mpaka kikombe kikaisha. Nikampangusa ndevu. Akafunga macho, na mimi nikabaki hapo.